Kumpiga swala kwa mbali: risasi iingie wapi

Kongoni wa kwanza niliyempiga kwa mbali sikumla mimi, walimla fisi. Alisimama ubavu ng'ambo ya dembo, yaani bonde la majani lisilo na miti, kama mita 300 kutoka kwenye kichuguu nilichokuwa nimeegemea. Nikafanya kile nilichokiona mara nyingi kwenye video za wawindaji wa Ulaya na Marekani: nikaweka msalaba wa luneti (darubini ya bunduki) nyuma kidogo ya bega, nikafyatua. Mlio wa risasi kugonga ulirudi mzito, kama mtu aliyepiga ngoma iliyolowa. Kongoni akakunja mgongo, akaingia msituni akitembea. Tulimfuata hadi jua likazama. Kesho yake asubuhi tulikuta pembe, mifupa na nyayo za fisi.

Baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa akifuata nyayo siku hiyo, hakunigombeza. Aliokota kijiti, akachora mnyama mchangani, akachora na tumbo lake. Akaweka kijiti nyuma ya bega. «Mwanangu, hapa ni majani. Umepiga majani. Moyo uko huku mbele, kati ya miguu.»

Mambo haya nimeyaandika kwa ajili ya ndugu wa Lubumbashi ambao wana permi (kibali cha kuwinda) na karabini (raifoli), na kila kiangazi hupanda gari kuelekea Kasenga, Pweto au Mitwaba. Wengi wetu tumejifunza kulenga kutoka kwa watu wanaowinda kulungu wa kwao, yule mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Mnyama huyo hayupo katika pori letu. Sisi tuna palapala, korongo, kongoni, kuro, tohe, sheshe, pongo na nsya, na vifua vyao havikupangwa kama vile tunavyofundishwa kwenye simu.

Kabla ya hatua zote: karatasi. Uwindaji Kongo unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na bunduki ina karatasi zake peke yake. Soma permi yako imetaja wanyama gani, na uulize ofisi ya mazingira ya mkoa kama msimu umefunguliwa, kabla hujajaza mafuta ya gari. Ndani ya mbuga za taifa za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda hata kidogo. Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa chifu, mwambie uko na nani, na bunduki ngapi, na mtalala wapi. Katika Katanga yetu, mtu mwenye silaha porini ambaye hakuna anayemjua anaweza kudhaniwa ni mwingine kabisa.

HATUA YA 1: Jifunze kifua kabla ya kujifunza bunduki

Hapa nitakaa muda mrefu, maana hapa ndipo wengi tunapopotea.

Mtazame swala aliyesimama ubavu. Moyo wake umelala chini kabisa ya kifua, karibu na mfupa wa kidari, katikati ya miguu ya mbele. Mapafu yako juu yake, yanarudi nyuma kidogo. Nyuma ya mapafu kuna kiwambo, ule utando unaotenganisha kifua na tumbo, na kiwambo hakisimami wima kama ukuta, kimebetuka kuelekea mbele. Nyuma ya kiwambo kuna ini, kisha lile tumbo kubwa la majani. Mnyama aliyekula usiku kucha ana tumbo lililojaa, linalosukuma kila kitu mbele. Kwa hiyo zile sentimita 15 nyuma ya bega, ambazo kwa jicho zinaonekana kuwa bado ni kifua, mara nyingi ni ini au tumbo.

Alama ya kulenga ni rahisi kukumbuka. Fuata mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu. Ukifika pale mwili unapoanzia, endelea kupanda mpaka theluthi moja ya kimo cha mwili. Simama hapo hapo, juu ya mstari wa mguu wenyewe. Risasi ikifika hapo inavunja sehemu ya juu ya moyo, au mishipa mikubwa inayotoka moyoni, au inapita katika mapafu yote mawili. Ukikosea kidogo juu, bado ni mapafu. Ukikosea kidogo mbele, umevunja bega na mnyama hafiki mbali. Ukikosea kidogo nyuma, bado una mapafu. Alama nzuri ni ile inayokusamehe pande tatu. Upande wa nne, wa chini, hausamehi sana: risasi inakata ngozi ya kidari au inavunja mguu.

Watu watakwambia bega likipigwa nyama inaharibika. Ni kweli, utapoteza kilo kadhaa. Mimi nilipoteza kongoni mzima.

Kuna mtego mwingine uko juu. Uti wa mgongo wa swala haufuati mstari wa mgongo unaouona. Pale shingo inapoungana na kifua uti unashuka chini sana, na juu ya mabega kuna mifupa mirefu iliyosimama kama meno ya kitana, ambayo ndiyo inayobeba ile nundu. Kongoni, palapala na korongo wana mabega marefu sana, hivyo sehemu kubwa ya kile unachokiona juu ni mifupa hiyo na misuli tu. Risasi ikipita hapo mnyama anaanguka pale pale kama gunia la makala lililotupwa kutoka kwenye lori. Wenzako wanapiga kelele za furaha, mtu anatoa simu apige picha, na baada ya dakika moja mnyama anainuka na kukimbia bila kurudi. Uti ulitikiswa, haukukatika. Kwa hiyo mnyama akianguka ghafla namna hiyo usifurahi. Pakia risasi nyingine, mlenge, subiri.

Kichwa na shingo usiviguse kwa mbali. Ubongo ni mdogo kuliko ngumi, kichwa kinasogea bila kutoa taarifa, na taya lililovunjika linamfanya mnyama afe kwa njaa baada ya siku nyingi. Siwezi kumshauri mtu yeyote jambo hilo.

HATUA YA 2: Tafuta umbali wako mwenyewe

Neno «mbali» lina maana tofauti kwa kila mtu. Katika msitu wa miombo mara nyingi huoni zaidi ya mita 100. Ni kwenye dembo, au kwenye nyanda za juu za Biano, ndipo macho yanafika mita 300 au 400, na hapo ndipo kishawishi kinapoanza.

Chukua boksi la karatasi ngumu, chora duara la ukubwa wa sahani ya bukari, kama sentimita 20. Mahali halali pa kupigia shabaha, liweke mita 100. Piga risasi 5 jinsi utakavyopiga porini: bunduki ikiwa juu ya panda ya mti, siyo juu ya meza na mfuko wa mchanga. Kabla ya kila risasi tembea haraka hatua 50 ili moyo upige. Zikiingia zote 5, rudi nyuma mita 20, uanze tena. Siku moja utafika mahali ambapo risasi 4 zinaingia na moja inatoka nje. Umbali wako ni ule uliotangulia. Wangu, baada ya miaka, ni mita 220. Nina rafiki ambaye ni 300, na nina mwingine mwenye bunduki ya bei kubwa kuliko zetu zote ambaye ni 120. Anaujua, anauheshimu, na hajawahi kupoteza mnyama.

Kwa pongo punguza, kwa nsya punguza zaidi. Palapala dume anaweza kufika kilo 230 na kuzidi, eneo la moyo na mapafu yake linaizidi hiyo sahani. La nsya ni kama kiganja tu.

Bunduki ya kalibri 12, ile ya marisau, haimo katika mazungumzo haya, wala pupu, ile bunduki ya kienyeji. Hizo ni za karibu. Na risasi iwe ile yenye ncha laini inayofunguka ndani ya mwili. Ya kijeshi, iliyofunikwa shaba yote, hutoboa tundu dogo na kupita, na mnyama anakwenda kufia mahali usipopajua.

HATUA YA 3: Umbali, mshuko, upepo

Kama huna kipimo cha leza, tumia kitu ambacho macho yako yanakijua. Sisi wa Lushi tunajua uwanja wa mpira. Simama akilini nyuma ya goli pale Kamalondo, utazame goli la upande wa pili: hiyo ni mita 100 na kidogo. Panga viwanja hivyo kimoja baada ya kingine mpaka kwa mnyama. Dembo hudanganya, kwa sababu ni tupu na tambarare, na mnyama huonekana karibu kuliko alivyo. Asubuhi yenye jua kali nyuma yako udanganyifu unazidi.

Sasa hesabu. Karabini ya .30-06 yenye risasi ya gramu 11.7, ukiweka luneti sawa kwa mita 200, hupiga sentimita chache juu kwa mita 100. Kwa mita 300 risasi inakuwa imeshuka kama sentimita 22, na kwa mita 400 imeshuka zaidi ya 60. Ukidhani ni 300 kumbe ni 350, umekosea karibu sentimita 20 nyingine. Hiyo peke yake inatosha kuihamisha risasi kutoka moyoni hadi mguuni. Namba hizi ni za kukuonyesha ukubwa wa kosa. Zako zitoke kwenye boksi lako, na bunduki yako, na risasi unazonunua wewe.

Upepo wetu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hutoka zaidi kusini-mashariki, na hupata nguvu jua likipanda. Upepo wa ubavu wa kilomita 15 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo na kulaza majani marefu, unaweza kuisukuma risasi hiyo kati ya sentimita 15 na 20 kwa mita 300. Usiangalie upepo wa hapo uliposimama tu. Angalia majani ya katikati ya dembo, na moshi kama kuna mahali panaungua.

Halafu kuna muda. Kwa mita 300 risasi hiyo huchukua karibu sehemu 4 kati ya 10 za sekunde. Unaona ni kitu kidogo. Lakini swala anayetembea polepole anasogea karibu nusu mita katika muda huo, na nusu mita kutoka begani ni tumboni. Kwa mbali usimpige mnyama anayetembea. Piga mluzi mdogo, mara nyingi atasimama kutazama. Asiposimama, mwache.

HATUA YA 4: Sogea

Hatua fupi kuandika, ngumu kufanya. Kila mita 50 unazotambaa zinafuta makosa yote niliyoyataja hapo juu. Upepo uwe usoni pako. Chota majivu au vumbi laini uliachie lidondoke, utaona linakoelekea. Tumia vichuguu: dembo nyingi zimezungukwa navyo, na kimoja kikubwa kinaficha watu wawili. Tembea wakati mnyama ameinamisha kichwa kula, ganda anapokiinua. Baba mdogo alikuwa na kanuni yake: ukifika mahali unapofikiri panatosha, tafuta kichuguu kimoja mbele zaidi.

HATUA YA 5: Soma amesimamaje

Ubavu kabisa ndio mkao wa kuomba. Mkao huo nimeshaueleza.

Akikupa mgongo kidogo, yaani matako yake yakiwa karibu nawe kuliko kichwa chake, usitazame bega la upande wako. Tazama mguu wa mbele wa upande wa pili, piga picha akilini risasi ikitokea kwenye bega lile, na ulenge njia inayofika huko. Risasi itaingia kwenye mbavu, mahali panapoonekana nyuma sana, lakini itapita katikati ya mapafu. Kama amegeuka mno hata njia hiyo inaanzia kwenye paja au tumbo, subiri.

Akikuelekea kwa pembeni, alama ni ncha ya bega lililo karibu nawe, upande wa ndani kidogo, kuelekea shingoni. Mkao huu kwa mita 100 ni sawa. Kwa mbali mimi siupigi, kwa sababu kosa la upana wa kiganja linaipitisha risasi nje ya mbavu, na unabaki na mnyama aliyechanika ngozi.

Akikutazama uso kwa uso, au akikupa matako, ondoa kidole kwenye kifyatulio.

Palapala dume ana shida yake: ni mweusi, na kivulini huoni bega linaanzia wapi. Tumia darubini kwanza, utafute mahali weupe wa tumbo unapokutana na mguu wa mbele. Ukishaupata mguu, unaweza kupanda ile theluthi. Usipoupata, umepata weusi tu, na weusi haulengwi.

HATUA YA 6: Nyuma yake kuna nini

Risasi ya karabini inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Pori letu lina watu kuliko tunavyofikiri: wachoma makala, warina asali, akina mama wanaotafuta uyoga na viwavi mvua zikishaanza, watoto wanaopita njia za mkato wakienda kisimani. Mnyama aliye juu ya mgongo wa kilima huku nyuma yake kuna mbingu tupu hapigwi, hata awe na pembe za namna gani. Nataka kuona udongo nyuma yake: mteremko, kichuguu, ukingo wa dembo. Tazama pia kundi. Risasi inayopita mwilini mwa dume inaweza kumjeruhi jike aliyefichwa nyuma.

HATUA YA 7: Kufyatua

Kaa chini kama majani yanaruhusu, bunduki juu ya panda, viwiko juu ya magoti. Pumua mara mbili, toa nusu ya pumzi ya tatu, bana kifyatulio polepole hadi mlio ukushtue wewe mwenyewe. Macho yabaki ndani ya luneti. Hapo hapo pakia nyingine.

Sasa tazama na usikilize, kwa sababu anachofanya mnyama katika sekunde 5 zijazo ni barua anayokuandikia. Akiruka, akarusha miguu ya nyuma, kisha akakimbia kwa kasi mwili ukiwa chini chini, huenda ni moyo au mapafu. Utamkuta ndani ya mita 100 au zaidi kidogo. Akikunja mgongo na kuondoka taratibu kama yule kongoni wangu, ni tumbo. Mguu ukining'inia, ni mguu, na inabidi risasi ya pili itoke sasa hivi.

Kabla hujainuka, shika alama: mti gani, kichuguu gani, palikuwa na majani ya rangi gani. Kutoka mita 250 kila kitu kina sura moja, na ukishavuka dembo hutaitambua tena sehemu ile. Mwache mwenzako mmoja palepale ulipofyatulia, akuongoze kwa mkono.

HATUA YA 8: Damu

Damu nyepesi, nyekundu ya kung'aa, yenye povu, ni mapafu. Subiri nusu saa, kisha fuata. Damu nzito, nyekundu iliyokolea, isiyo na povu, huenda ni ini. Subiri saa 2 au 3. Maji ya kijani au kahawia yenye vipande vya majani na harufu ni tumbo. Hapo unahitaji saa nyingi, 5 au 6, kwa sababu ukimfukuza mapema ataendelea kutembea mpaka giza. Aliyeachwa alale hulala karibu, na hapo unaweza kumkaribia na kummaliza. Sisi siku ile tulianza kumfuata baada ya dakika 10. Tulimsukuma wenyewe hadi kwa fisi.

Kila tone weka alama kwa tawi lililovunjwa au karatasi ya choo. Damu ikipotea, simama kwenye tone la mwisho, mzunguke kwa duara, msikanyage nyayo. Ukimfikia, mwendee kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu. Likipepesa, bado.

HATUA YA 9: Fungua kifua

Kabla ya kugawa nyama, fuata tundu. Choma kijiti mahali risasi ilipoingia, kitokezee mahali ilipotokea, uone kimepita wapi: moyo, mapafu, ini. Waite na vijana waje waone. Huo mwili uliofunguliwa chini ya mti ndio shule pekee ya kulenga niliyowahi kuipata, na kila aina ya mnyama ina somo lake. Bega la tohe haliko pale lilipo bega la kongoni.

Mimi huandika kwenye daftari palepale, mikono ikiwa bado na damu: mnyama, umbali uliopimwa kwa hatua, upepo, mkao, nilipolenga, ilipoingia, alikimbia hatua ngapi. Ukurasa wa kiangazi kilichopita unasema: tohe dume, hatua 140, upepo usoni, ubavu, juu ya mguu theluthi moja, tundu juu ya moyo, hatua 60.